Mjomba Waya Anajibu

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu ameigeuza sebule kuwa sinema. Juzi karudi na waya wa HDMI wa mita 2, vichwa vya dhahabu, bei yake ada ya muhula mzima ya mtoto. Kila jioni ananiketisha nitazame "jinsi weusi ulivyo mweusi". Mimi naona sawa tu na ule uliokuja na king'amuzi. Tatizo ni macho yangu au ndoa yangu?*
Mke wa Dhahabu, Tabata

Marahaba mwanangu. Macho yako mazima, ndoa tutaijadili siku nyingine. Kinachopita ndani ya HDMI ni tarakimu. Zikifika salama, picha ni ileile, waya uwe wa elfu kumi au wa laki tano. Zisipofika, hutahitaji kuketishwa: vidoti vyeupe vitarukaruka, sauti itakatika, kioo kitazima kisha kirudi. Waya wa HDMI haufifishi weusi kidogo kidogo. Dhahabu nayo ina kazi moja ya kweli, haishiki kutu. Mngekuwa mnaishi ufukweni, chumvi ya upepo ikila kila chuma, ningemtetea mumeo. Tabata, hapana.

Alichopaswa kusoma ni lebo. Toleo la HDMI 2.0, la mwaka 2013, hupitisha gigabiti 18 kwa sekunde, na hizo zinatosha 4K ya fremu 60. Toleo la 2.1, la 2017, lilipanda hadi 48, na waya uliopimwa kwa kiwango hicho huandikwa Ultra High Speed, na pakiti yake ina lebo ya kuskani kwa simu. Kesho, akiwa kazini, rudisha waya wa king'amuzi. Jioni mwulize kama weusi bado ni mweusi.

*Mjomba, sabufa yangu inanguruma hata ikiwa haipigi kitu. Mama mkwe anasema nyumba ina jini. Fundi anataka kukata ile pini ndefu ya plagi. Nimsikilize nani?*
Mwenye Wasiwasi, Ukonga

Kati ya hao wawili, mama mkwe ndiye salama. Pini hiyo ndiyo inayopeleka umeme ardhini siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma. Ukiikata, njia ya kwenda ardhini itakuwa wewe. Mlipe fundi nauli, aende.

Mngurumo huo ni umeme wa nyumbani mwako wenyewe, mizunguko 50 kwa sekunde. Amplifaya imefungwa ardhini kupitia soketi, na dishi huko juu limeshika ardhi kwa njia yake. Ardhi zikiwa mbili, mkondo mdogo huzunguka katikati yake kupitia waya za sauti. Jaribio ni rahisi: chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kelele ikikoma, jini wako anaishi kwenye dishi. Chomeka vifaa vyote upande mmoja wa sebule, kwenye soketi moja. Akibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sabufa. Waya huo pia usiulaze sambamba na waya wa umeme. Ikibidi zikutane, zipishane kwa pembe mraba.

*Mjomba, fundi alipitisha HDMI ya mita 15 ya projekta ukutani, akaipiga plasta. 1080 inaonyesha. Nikiweka 4K, giza.*
Aliyezikwa, Syokimau

Pole sana. Waya wa shaba wa urefu huo hauaminiki kwa 4K, kwani mawimbi hudhoofika njiani. Unahitaji waya wa nyuzi za kioo, unaobeba mwanga. Huo una mbele na nyuma: kichwa kimoja kimeandikwa Source, kingine Display, na ukigeuza hupati picha. Basi ujaribu ukiwa umetandazwa sakafuni, kabla mtu hajagusa sementi.

Ukuta utapasuliwa tena, hilo halikwepeki. Safari hii weka paipu. Ile ya milimita 20 ya mafundi umeme haifai, maana kichwa cha HDMI na plastiki yake kina upana unaokaribia huo na ndani ya paipu ni pembamba zaidi. Weka ya 40, kona ziwe za kupinda taratibu, na uache kamba ndani. Waya zitabadilika kabla ya nyumba.

*Waya za spika za bei poa zina ubaya?*
Mbana Matumizi, Mwanza

Kwaruza kwa wembe. Nje nyekundu, ndani nyeupe? Hiyo ni aluminiamu iliyovishwa shaba, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba tupu. Si haramu, nunua nene zaidi. Kwa spika ya ohm 8 iliyo mita 10, shaba ya milimita 2.5 za mraba inatosha kabisa, na anayekuuzia nene kuliko hiyo anafurahia maongezi yako. Angalia tu nyekundu iende kwenye nyekundu pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea na utamlaumu mwimbaji.

Na wewe wa Morogoro ambaye saundiba yako ni bubu: HDMI yake ichomeke kwenye tundu la runinga lililoandikwa ARC. Matundu mengine hayarudishi sauti.