Mkanda Wangu na Midomo ya Itumba

Mkoa wa Songwe ulizaliwa 2016, ukatoka ubavuni mwa Mbeya, na hakuna aliyemuuliza mama mtu kama mgongo ulimuuma. Wangu uliuma. Tena mimba kubwa hapa Itumba ni adhabu mara mbili, maana Ileje yetu ni vilima: ukitoka nyumbani unashuka, ukirudi unapanda, na popote uendapo tumbo limeshatangulia.

Nesi wa kliniki akanieleza taratibu. Mimba ikikua, homoni hulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia. Tumbo huvuta mbele, mgongo nao hujipinda nyuma usije ukaanguka kifudifudi. Mkanda wa wajawazito hupita chini ya tumbo, ukazunguka nyonga na kusaidia kubeba mzigo. Usikubane pumzi, usilale nao. Vaa saa chache ukiwa kwenye pilikapilika. Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. "Ila maumivu yakija na kuachia, au ukiona damu, usikae unarekebisha mkanda. Njoo!"

Nikamwagiza wifi Tunduma, kwenye maduka ya mpakani. Akarudi na mkanda wa kupunguza kitambi. Kwenye boksi kuna dada asiye na tumbo hata la kusingizia, anacheka. Nina hakika alikuwa ananicheka mimi. Akarudishwa na boksi lake, ndipo ukaja wenyewe.

Kesi zikaanza. Mama mkwe: "Unambana mjukuu wangu, atazaliwa na kiuno cha nyigu!" Shangazi: mkaja hufungwa baada ya kujifungua, haraka ya nini? Kijana wa bodaboda akanipongeza kwa kuzingatia usalama barabarani. Jumapili, kanisa zima limeinamisha vichwa kwa sala ya kimya, nikasikia mkanda unabana, nikaubandua kidogo tu: kraaaa! Mchungaji akasema amina kabla ya wakati.

Mgongo ukatulia, midomo haikutulia. Mkanda wa kuifunga hiyo haujafika hata Tunduma.

Halafu wangu ukapotea. Nikapekua kabati, kamba ya nguo, uvungu wa kitanda. Nikaukuta stoo, kiunoni mwa mume wangu, juu ya shati, anapanga magunia ya mahindi.

"Mama kijacho," akasema bila haya, "hiki kitu kinafanya kazi. Ukishajifungua, usimgawie mtu."