Feni ya Bafuni: Mwongozo kwa Mwenye Nyumba wa Sengerema

Siku hizi ukijenga Sengerema bila masta yenye choo na bafu ndani, wageni wanakupa pole. Na ukishalibana bafu hilo katikati ya nyumba, kati ya kitanda chako na korido, mahali ambapo dirisha halina pa kutokea, hongera, umekuwa mhitaji wa feni ya kutolea hewa. Bibi yako hakuihitaji. Bafu lake lilikuwa la matete nyuma ya nyumba, halina paa, na upepo ulifanya kazi bure mchana na usiku. Lakini bibi hakuwa na masta.

Anza na kununua. Utaratibu unaoheshimika ni kuvuka hadi Mwanza mjini, kuingia duka la vifaa vya ujenzi, kuuliza ipi ya bei ya chini, kisha kuondoka na ile inayong'aa. Usithubutu kuuliza inatoa hewa kiasi gani. Jibu limeandikwa ubavuni mwa boksi, kwa mita za ujazo kwa saa, na kwa kuwa hakuna anayelisoma, nitalisema harakaharaka. Bafu la mita 2 kwa 1.5, lenye kimo cha mita 2.7, lina mita za ujazo 8.1 za hewa. Hewa hiyo ikibadilika mara 8 hadi 10 kwa saa inatosha, kwa hiyo feni ya mita za ujazo 65 hadi 80 kwa saa inakumalizia shida, na ya inchi 4 kwa kawaida inafika hapo. Wewe utachukua ya inchi 10, ya jiko la hoteli, kwa sababu jirani ana ya 8. Ukiiwasha alfajiri, mtaa mzima utajua umeamka kuoga.

Kama una ndugu Marekani aliyeahidi kukuletea "orijino", mwache alete. Umeme wa kwao ni volti 120, wetu 230. Feni hiyo itazunguka kwa kasi ambayo hujapata kuiona, itanuka, kisha itanyamaza moja kwa moja.

Sasa fundi. Wapo mafundi umeme wenye leseni ya EWURA, na yupo kijana aliyekufungia dishi. Utamwita wa dishi. Zamani akichelewa alisema amekwama kivukoni Busisi, na hukuweza kumbishia, maana foleni ya kivuko kila mtu aliijua. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa, kama kilomita 3 juu ya maji kutoka Kigongo, kisingizio hicho kimekufa. Siku hizi anasema ana msiba. Msiba haubishiwi.

Akifika, atapanda ngazi, atagonga silingi kwa kidole, na mazungumzo yatakuwa haya:

"Bosi, hewa tunaitolea hapa juu."

"Juu wapi?"

"Darini. Huko kuna nafasi ya kutosha, wala hutaiona tena."

Kubali. Karibu kila mtu anakubali, kwani bomba la kufika nje ni gharama na kutoboa ukuta kunachafua rangi. Kila ukioga, feni itauchukua mvuke wa bafuni na kuuhamishia kwenye kenchi. Usiku bati likipoa, mvuke utageuka maji tumboni mwa bati, maji yatadondokea jipsamu, na jipsamu ikishalowa haisahau. Mbao zitaota kuvu pole pole, misumari itashika kutu, na popo, ambao tayari wanakaa humo bila kodi, watapata na maji ya moto. Baada ya masika mawili hivi utalala chali na kuona juu yako ramani ya Ziwa Victoria kwa rangi ya kahawia, visiwa vya Kome na Maisome vikiwa mahali pake. Hapo fundi atarudi, ataitazama kwa huruma na kusema bati linavuja.

Mtu asiyependa ramani ananunua bomba la plastiki la inchi 4, analinyoosha kwa njia fupi kuliko zote hadi ukuta wa nje, na analiinamisha kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yadondokee uani. Mdomoni anaweka kifuniko kinachojifunga feni ikizimwa, pamoja na wavu. Wakazi wa Kamanga na Busisi sina haja ya kuwaeleza wavu ni wa nini: wale wadudu wa ziwani wanaopanda kwa mawingu wakiliona tundu lenye taa, wanahamia. Wavu nao usuguliwe kwa brashi, maana ukiziba, feni inabaki kupiga kelele tu.

Lipo kosa jingine, la watu nadhifu. Mlango wa bafu umebana kabisa, haupitishi hata unyasi. Feni itatoa hewa gani, kama hakuna inayoingia? Acha uwazi wa sentimita moja chini ya mlango. Kisha washa feni, chukua kipande cha karatasi ya chooni, kiweke kwenye uso wake. Kikishikilia, inafanya kazi. Kikianguka, umenunua redio.

Swichi ifungwe nje ya bafu, pasipofikiwa na mkono wenye maji. Hapa sitanii.

Kuhusu Luku, feni ya wati 20 ikiwaka saa moja kila siku inakula yuniti 0.6 kwa mwezi. Kuna waume wanaoizima mara tu wakitoka kuoga ili kubana matumizi, huku friji ya bia ikinguruma sebuleni usiku kucha. Iache dakika 15 baada ya kuoga, ndipo kazi yake inapoanza.

Na wewe mwenye choo cha shimo uani, usijione umesahaulika. Feni yako ni bomba lile linalopanda kutoka shimoni hadi nusu mita juu ya paa. Upepo ukipita mdomoni mwa bomba unavuta harufu juu, na nzi wanaofuata mwanga wanaishia kwenye wavu. Mtindo huo uliundwa na Peter Morgan kule Zimbabwe, enzi za Rhodesia, miaka ya 1970, muongo uleule ambao sisi, mwaka 1973, tulikusanyika kwenye redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya na kwenda kuchimba vyoo. Ila usilifunike tundu la choo cha namna hiyo. Ukilifunika, umezuia hewa inayoshuka, na bomba limebaki pambo.

Kama nyumba yako bado iko kwenye msingi, mwambie fundi mwashi leo hii alisogeze bafu kwenye ukuta wa nje na aache dirisha. Hela ya feni nunua wavu wa dirisha, chenji itabaki.