Tumbatu Ukutani

Doa lilianza juu ya kabati, dogo kama kisahani cha kahawa. Wanangu wakaliita Tumbatu. Masika yalipokwisha lilikuwa Pemba. Mwaka wa pili likawa Unguja nzima, na Nungwi yake imechongoka hadi darini.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, ya mawe, udongo na chokaa. Mimi, kwa ujuaji wangu, nikalipaka doa rangi ya mafuta. Unguja ikazama wiki tatu, kisha ikaibuka na malengelenge. Nikaita fundi, akabandua lipu ya chokaa akapiga ya saruji. Ukuta ukang'aa, nikaalika wageni. Kumbe ukuta wa chokaa hupumua: ukilowa, maji hutoka yenyewe ukikauka. Sisi tumeuziba pua kwa saruji! Maji yakahamia chumba cha pili, alikolala mama mkwe.

Asubuhi alitoka na buibui lake jeusi, mgongo mweupe pe kwa chokaa iliyomomonyoka. Akafungua mdomo. Nikajua ni ile methali ya ufa inakuja, nikamwahi kwa kahawa.

Fundi wa pili, mzee wa Malindi, ukuta hata hakuutazama. Aliomba ngazi.

"Mwanangu," alisema akiwa juu, "unampaka dawa ya macho mgonjwa wa tumbo."

Kisha vitu vikaanza kushuka: majani ya mwarobaini, mpira wa watoto, kandambili ya kushoto, na kiota cha kunguru kilichosukwa kwa nyaya na hanga zangu mbili. Gata lilikuwa limejaa pomoni. Miaka mitatu maji ya paa yalikuwa yakifurika na kuuteremkia ukuta, na kwenye ufa wa nje mche wa mkuyu umeshastawi, mizizi yake imezama ndani ya mawe.

Kusafisha gata kulichukua saa moja. Kubandua saruji na kurudisha chokaa, ambayo haikubali kuharakishwa kukauka, kulichukua wiki kadhaa. Gharama sitaitaja, maana mke wangu husoma ninayoandika.

Siku hizi napanda juu ya paa mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Jana nimemwona kunguru, nadhani ni yuleyule, ana kipande cha waya mdomoni. Ngazi yangu imevunjika kidato. Jirani mwenye nzima, tafadhali niazime wiki hii.