Roboti Haitikii Shikamoo

Salamu ziwafikie wote wa Ngamiani, kuanzia Bibi hadi wale watoto wanaochukua baiskeli za watu bila kuomba. Ndugu yenu aliyehamia Nairobi yu mzima. Baridi ya Julai inamtesa, na Kiswahili chake cha Tanga bado kinawachekesha wenyeji, wanaomsikiliza kwa heshima mpaka mwisho kisha wakamjibu kwa Sheng. Hayo mnayajua. Kilichomfanya awaandikie ni kwamba juzi aliletewa chakula na roboti.

Si hadithi za Abunuwasi. Mkahawa huo uko mitaa ya magharibi ya jiji, ulianza kuvuma mwaka 2024, na roboti wake watatu wana majina: Claire, Nadia na R24. (Kwa huyo wa tatu, inaelekea wazazi walikuwa wamechoka.) Mnaodhani roboti anapika, subirini kwanza. Weita, binadamu mwenye miguu miwili, anakuja mezani kuuliza mteja atakula nini. Anarudi jikoni kwa miguu hiyohiyo. Chakula kikiwa tayari, binadamu mwingine anakipanga kwenye trei za roboti na kugusa kishikwambi, na hapo ndipo safari inapoanza, taratibu, kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Roboti akifika mezani anasimama. Anasema neno kwa Kiingereza. Mteja anajitwalia sahani yake mwenyewe, roboti anageuza magurudumu, na weita anarudi kuuliza kama kuna kilichopungua.

Kwa hesabu ya ndugu yenu, basi, kazi yote ya roboti ni ule mwendo wa kutoka jikoni hadi mezani. Yule kijana wa Mjomba pale kwenye mbaazi za nazi huumaliza akiwa na sahani nne mkononi, huku anamdai mtu deni la juzi. Lakini yeye hakuna anayempiga picha. Huku watu wanaacha chipsi zipoe wakitafuta pembe nzuri, watoto wanamzibia roboti njia kwa makusudi kwa sababu wamegundua kwamba akiona mtu mbele yake husimama na kungoja, na wazazi wao wanatazama kwa furaha. Ndugu yenu, aliyeingia akiapa kwamba yeye si mtu wa kushangaa vitu, amekwisha kuwatumia picha. Ile inayoonyesha bega lake tu si kosa la simu: mpigaji alikuwa anamlenga Nadia.

Alimwambia roboti ahsante. Alikaribia hata kumwamkia, akakumbuka kwamba kwa umri roboti ndiye aliyestahili kumpa yeye shikamoo. Hakumpa.

Mashine ya ajabu zaidi ilipita mjini kabla ndugu yenu hajafika, na jirani yake wa mtaa wa Kangemi bado anaisimulia. Mwishoni mwa Julai 2023, mradi wa Worldcoin, ambao mfanyabiashara wa teknolojia Sam Altman ni mmoja wa waasisi wake, ulizinduliwa rasmi duniani, na Nairobi watu wakamiminika KICC, lile jumba refu la mikutano katikati ya mji. Walikwenda kutumbuliana macho na tufe la rangi ya fedha. Tufe linasoma mboni ya jicho ili kuthibitisha kwamba mwenye jicho ni mtu halisi, si programu ya kompyuta, na ukishathibitishwa ulikuwa unapewa sarafu 25 za kidijitali. Siku zile zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000 za Kenya. Foleni ilikuwa ndefu, lakini tarehe 2 Agosti serikali ilisimamisha shughuli nzima kwa hofu juu ya usalama wa data za watu, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile za miili ya watu zifutwe. Hofu ilikuwa na msingi: namba ya siri ikivuja unaibadilisha, mboni utaibadilisha wapi? Nyumbani kazi ya kuthibitisha nani ni mtu Bibi anaifanya bure, kibarazani. Mtu akipita bila kusalimia, anatoa hukumu papo hapo: “Huyu si mtu.” Lakini msijidanganye. Kwa shilingi 7,000, ndugu yenu angefika KICC alfajiri akiwa ametoa tongotongo.

Kurudi Kangemi kutoka mjini siku hizi unaweza kubahatika kupata basi la umeme. Kampuni ya BasiGo ilianza na mabasi hayo Machi 2022, ya viti 25. Mwanzoni ndugu yenu aliona raha, kwa sababu nganya, yaani matatu, za kawaida hupiga muziki mpaka jino lililotoboka linaitikia. Kumbe ukimya nao una gharama zake. Katika basi lisilo na ngurumo, barabara nzima ya Waiyaki Way ilimsikia Shangazi kwenye simu akimuuliza kama ameshapata mchumba.

Akishuka, mama wa mahindi ya kuchoma ana namba ya Till, ya kulipia kwa simu, kwenye kipande cha ubao. M-Pesa imekuwapo Kenya tangu Machi 2007, na kwa muda huo wote hakuna programu iliyomshinda mama huyu: anashika hindi mkononi mwake mpaka ujumbe uingie, ausome, atazame jina, ndipo aliachie. Limau na pilipili anapaka wakati wa kusubiri. Halina nazi, lakini linaliwa.

Kuhusu mchango wa harusi ya binamu, ndugu yenu anajua kwamba M-Pesa ya huku na ya huko zimeunganishwa tangu mwaka 2015, kwa hiyo kisingizio cha kukosa mtu wa kumpa mzigo kimekufa. Atatuma, na ya kutolea ataongeza. Ila leo mtandao wa Kangemi unasumbua, na fundi amesema labda mpaka mwisho wa mwezi.