Koti la Kilo Tatu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi hapa Kigali, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, huna haja ya kumuuliza mtu yuko wapi. Yuko umuganda. Maduka yamefungwa, barabara nyeupe, nami mzaliwa wa Tanga nafyeka nyasi za mtaro wa Nyamirambo kwa bidii ambayo marehemu mama yangu hakubahatika kuiona. Nikarudi nyumbani jasho linanitoka, najiona raia mwema. Mama Salma alinipokea mlangoni bila hata glasi ya maji. "Umesafisha mtaro wa watu," akasema. "Sasa njoo na huku."

Sakafuni sebuleni alikuwa ameshachora kwa chaki viduara vitatu: KUBAKI, KUGAWA, KUTUPA. Na kila kitu kingeulizwa swali moja tu: kimetumika mwaka huu?

Tukaanza na jikoni. Vikatoka vifuniko vya plastiki kumi na tisa na mabakuli sita. Tulivijaribu vyote, tukavigeuza, tukavikandamiza kwa viganja. Hakuna kifuniko kilichokubali bakuli. Vikaenda KUBAKI. "Mabakuli yake yako kwa watu," akaeleza, "yatarudi." Yako kwa watu tangu arusi ya shangazi yake. Chupa ya chai iliyopasuka kioo cha ndani ikabaki, kwa kuwa ganda lake zuri. Jerikeni la njano lenye tundu nalo likabaki, litapandwa vitunguu.

Nikashusha pumzi. Kumbe hakimu ana huruma! Halafu tukafika kwenye vitu vyangu. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa kwetu hukata upande wa mume tu. Chaja nane za simu zilizokufa: kutupa. Rundo la funguo ambazo makufuli yake yamebaki Tanga: kutupa. Kisha akalinyanyua koti langu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya mkiani.

Koti lenyewe ni la sufu, rangi ya kijivu, na siku niliyolinunua nilikuta mfukoni tikiti ya treni ya mji nisioujua. Nililipata kwenye mitumba ya Biryogo kabla bei hazijapanda. Mitumba hapa inaitwa caguwa, na hilo ni neno letu wenyewe, ile "chagua, chagua" ya wauzaji, ambayo Wanyarwanda waliichukua wakaifanya jina la nguo. Mtu kanunua nguo iitwayo chagua, leo anaambiwa achague, anashindwa.

Nikasimama kulitetea. "Mama Salma, mwaka 2016 serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola mbili na nusu. Wamarekani wakanuna, na mwaka 2018 wakaziondolea nguo za Rwanda nafuu ya kuingia kwao bila ushuru. Nchi mbili zimekosana kwa ajili ya makoti kama hili!" Hakupepesa. Nikatoka nalo mpaka dukani kwa jirani, likapimwa kwenye mizani ya maharage: kilo tatu. Nikarudi mbio. "Dola saba na nusu, ushuru peke yake!"

"Umelivaa mwaka huu?"

Kigali ipo juu, kama mita 1,500 hivi, na jioni kuna kiubaridi. Lakini si cha koti la sufu, na sote wawili tulijua. Nilipotaka kukata rufaa akahamia Kinyarwanda. Kiswahili kilipewa cheo cha lugha rasmi nchini humu mwaka 2017. Kwenye nyumba yangu bado ni lugha ya kuombea msamaha. Koti likaingia guniani, likawekwa nje kando ya geti kusubiri gari la taka la Jumanne.

Likabaki sanduku la bati. Chini kabisa kulikuwa na bahasha ya vyeti vyangu vya shule, na vyeti vimeviringishwa ndani ya rambo. Rambo kabisa, nyeusi, inalia chakacha kama zamani. Nilivuka Rusumo mwaka 2009, mwaka mmoja baada ya Rwanda kuipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa sheria, na pale mpakani walinivua rambo ya viatu na rambo ya dagaa. Nikaingia nchini viatu mkononi, dagaa kwenye kofia. Hii ya vyeti hawakuiona. Ina maana miaka yote hii nimelala juu ya magendo, na kila mwezi naokota taka mtaroni huku nikiwasema wachafuzi.

Sasa iende wapi? Guniani, vijana wa gari la taka wataiona. Nikiichoma, mtaa mzima utanusa. Tanga hairudi, maana Tanzania nayo iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kenya walitangulia, 2017. Vitu vyote vya nyumba ile vilikuwa vikitafuta sababu ya kubaki. Huu mfuko ulikosa njia ya kuondokea. Mama Salma alisimama na chaki yake, hajui pa kuuweka.

"Umeutumia mwaka huu?" akauliza, sauti chini.

"Kila siku. Vyeti vikavu."

Tukaurudisha sandukuni.

Jumatatu usiku nimechelewa, nagonga geti, likafunguliwa na bwana mmoja mwenye haiba, kola imesimama, mikono mifukoni. Nikainama kumsalimu. Kumbe ni mzee wetu wa zamu. Koti limemkaa! Mimi lilikuwa linanivaa, yeye amelivaa. Tangu siku hiyo nafunguliwa geti na koti langu, na ni lazima nilisalimie.

Juzi ikashuka mvua ya usiku. Mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, maji yanamchuruzika kolani, kakumbatia kiredio chake.

"Baba Salma, mnisamehe. Hamna hata kimfuko nifunikie redio?"

Mama Salma akanitazama. Mimi nikatazama chumbani, liliko sanduku.

"Mfuko hatuna," nikasema.

"Subiri, mzee," akasema Mama Salma, akaingia jikoni. Akarudi na kifuniko. Akakibandika juu ya redio, kikashika pembe zote nne, tak.