Jinsi ya Kuitembelea Singida Bila Kuiona

Ukitaka kujua kama mtu hajawahi kufika Singida, muulize Singida kuna nini. Atakujibu, "Kuku." Ukitaka kujua kama amefika, muulize vilevile. Naye atakujibu, "Kuku," ila huyu ataongeza na bei.

Kufika mahali ukarudi na jibu lilelile uliloondoka nalo ni ufundi, na kila ufundi una fundi wake. Mimi nimeishi Singida mjini miaka 11, na kwa muda wote huo nimetumia njia tatu tu: ya kazini, ya sokoni na ya msibani. Kwa hiyo ninapomwelekeza mtu namna ya kuupita mji bila mji kumgusa, sibahatishi.

Tuanze na mgeni wa Ijumaa hadi Jumapili, yule anayetoka Dar es Salaam kuja "kubadilisha hali ya hewa". Kata tiketi mapema, ng'ang'ania kiti cha dirishani, na ukishakaa vuta pazia. Safari ni karibu kilomita 700, na kipande kigumu kuliko vyote kwa asiyetaka kuona kiko mbele ya Bahi, pale barabara inapouacha uwanda na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni. Injini inabadili sauti, masikio yanaziba, na abiria wasio na msimamo wanaanza kuchungulia nje. Wewe meza mate, masikio yazibuke, rudi kwenye filamu. Wilaya hiyo ya Manyoni ndiyo yenye Sukamahela, mahali panapotajwa kuwa ndipo katikati ya Tanzania. Si kila mtu amejaliwa kukatiza kwenye kitovu cha nchi yake huku akikoroma.

Konda akitangaza dakika kumi za kuchimba dawa, shuka, chimba, panda. Usizoeane na mtu. Muuza asali aliyesimama ubavuni mwa basi ana hamu ya kukueleza tofauti ya asali ya nyuki wakubwa na ya nyuki wadogo: kwamba ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu kwa mbali, na kwamba nyuki wenyewe hawaumi. Ukimsikiliza utakuwa umejua kitu kabla hata hujafika.

Ukishuka stendi ya Misuna, dandia bajaji ya kwanza na useme, "Nipeleke lodge nzuri." Dai chumba chenye AC. Mji uko juu kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wake wa Juni na Julai unavua watu kofia, kwa hiyo dada wa mapokezi atakutazama kidogo. Usiyumbe. Funga madirisha, washa AC, jifunike mablanketi mawili. Umefika.

Kuanzia hapa mambo ni ya hatari, kwa sababu hukohuko Misuna kuna soko la vitunguu, na hapo ndipo watu wengi walioanza vizuri huharibikiwa. Mtu anapita zake, macho chini, mara anaona gunia limejazwa hadi mdomoni, kisha juu ya mdomo limeshonewa kilemba cha kamba na kujazwa tena, mpaka limekuwa refu kuliko aliyelishona. Hiyo ndiyo lumbesa. Ukiuliza tu, "Mbona hili limevaa kofia?" umekwisha. Utaelezwa kwamba sheria ya vipimo hairuhusu mzigo wa mazao uzidi kilo 100, kwamba mnunuzi hulipa kwa gunia wala si kwa kilo, na kwamba ile kofia ndiyo jasho la mkulima linalosafiri bure. Atatokea wa pili kupinga: kitunguu kinapungua njiani, kinaoza, na hasara ya Kariakoo nani ataibeba? Wa tatu atamuuliza wa pili kama na kilo za kwenye kofia huwa zinaoza peke yake. Utajikuta umekaa juu ya gunia, chai ya rangi mkononi, ukiulizwa na wewe una maoni gani. Jumamosi imekwisha hivyo, na hujapiga picha hata moja.

Hata ukilikwepa soko, bado kuna pua. Macho hufumbwa, pua haina kope. Alizeti ikishavunwa, kuna mitaa inayonuka kama karanga zilizosahauliwa jikoni, na mwenye udhaifu huifuata harufu hiyo mpaka mlangoni mwa mashine ya kukamulia. Ndani kuna kelele na sakafu inayoteleza. Mbegu zinamiminwa juu, parafujo nene inazibana ndani ya chuma, mafuta yanachuruzika huku, na upande wa pili yanatoka mashudu, ya moto, yamejikunja kama magome ya mti. Mafuta hayo yanatakiwa yaachwe yatuame kabla ya kuchujwa. Mwenye haraka hayangoji, na sasa umejua kwa nini dumu ulilopelekewa mwaka jana lilikuwa na matope chini. Mashudu nayo hayatupwi, yananunuliwa na wafugaji. Ukishalijua hilo, unaanza kufuatilia: shambani hadi mashineni, mashineni hadi bandani, bandani hadi kwenye sahani iliyo mbele yako. Maradhi hayo hayana dawa.

Wenzetu yaliwapata zamani. Walter Benjamin, Mjerumani aliyeichunguza Paris kwa miaka mingi, aliandika kwamba karibu mwaka 1840 ilikuwa fasheni watembeaji wa kule kumtembeza kobe katika vichochoro vya maduka, ili mwendo uwe wa kobe na jicho lipate nafasi. Sikushauri ujaribu. Ukimtembeza kobe mitaani hapa Ipembe watu watajua umekuja kuagua.

Maziwa yasikusumbue. Mji unayo mawili, Singidani na Kindai, na yote yanahudumiwa kwa mtindo mmoja: lipe ziwa mgongo, tabasamu, piga, ondoka. Kama kwa nyuma wametokea heroe, sema "flamingo" na uishie hapo. Ukiuliza ule wekundu wameutoa wapi utaambiwa wameula, kwamba rangi iko ndani ya vijimea vya kwenye maji ya magadi, na hapo utaanza kuitazama hata karoti kwa wasiwasi. Na yale majabali yaliyopandana kila kona ya mji ni mawe tu. Yamekaa miaka zaidi ya bilioni 2.5 bila kumuuliza mtu swali; usianze wewe.

Siku ya mechi, mwambie bodaboda akupeleke Liti. Atakuuliza, "Namfua?" Ni uwanja uleule, jina limebadilika, midomo bado. Lakini usidadisi Liti alikuwa nani. Wazee wa Kinyaturu husimulia habari za mwanamke aliyewatumia nyuki kupambana na Wajerumani, na ukishaisikia hadithi hiyo utashindwa hata kupatana bei ya asali kwa ukali unaotakiwa.

Jumapili nunua ushahidi: kuku wawili wa kienyeji, dumu la mafuta, vitunguu. Nyumbani wakikuuliza Singida kuna nini, fungua boksi.

Wenyeji wenzangu, msidhani nimewasahau. Sisi hatuhitaji pazia. Mgeni hulazimika kufumba macho kwa juhudi, lakini mwenyeji ana maneno mawili yanayofanya kazi hiyo bila jasho: "lipo tu". Ziwa? Lipo tu. Jabali lililomwegemea jirani ukuta wa jiko? Lipo tu. Kitu kikishasemwa hivyo hakionekani tena mpaka kiuzwe au kibomolewe, na hapo sasa ndipo tunapokipigania, tukieleza kwa uchungu jinsi tulivyokipenda. Saidia maneno hayo kwa haraka isiyo na sababu, na kwa ile ahadi ya "nitakwenda siku moja", ambayo mimi nimeitoa kwa Singidani tangu mwaka nilipohamia. Kutoka kwangu ni mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu. Nimewahi kusafiri saa kumi na mbili kwenda kukaa ufukweni.

Kinga yangu ilivunjwa na mpwa wangu, mtoto wa miaka tisa kutoka Temeke, aliyeletwa likizo ya Desemba. Watoto wa umri huo wasipewe chumba mjini. Asubuhi ya kwanza alisimama uani, akatazama majabali, akaniuliza, "Mjomba, haya mawe nani aliyapanga?" Nikamjibu, "Serikali." Ikampa utulivu wa siku mbili. Ya tatu akataka kujua ni awamu ya ngapi.

Siku ya nne tukawa Singidani, sijui alinifikishaje. Upepo unapuliza, kijana mmoja anaosha pikipiki kandokando ya maji. Mtoto akazunguka, akanyoosha shingo huku na huku, akarudi. "Mjomba, haya maji yanaenda wapi?"

"Baharini." Kwa mtoto wa Temeke nilitegemea jibu hilo litatosha.

"Kupitia wapi?"

Nikatazama. Kwa mara ya kwanza katika miaka 11 nikatafuta kwa macho mahali ziwa lile linapotokea, nikaona mabonde, nyumba, mbuzi, na hakuna mto unaotoka.

"Hayaendi, dogo," kijana wa pikipiki akadakia bila kuinua kichwa. "Yanaingia na mvua, jua linayachukua, chumvi inabaki. Onja kama unabisha."

"Shikamoo," mtoto akasema, kwa heshima aliyokuwa hajanionyesha mimi tangu afike. Akachovya kidole, akaonja, akatema, akacheka, akaonja tena. Kisha wakaondoka wote wawili kwenda kumtazama ndege fulani nyuma ya majani, wakiongea kama watu waliosoma pamoja.

Nilingoja wakanipa mgongo vizuri, ndipo na mimi nikachovya kidole.