Pijo ya Baba Mkwe

Baba mkwe akikupa kitu bure, unakipokea kwa mikono miwili, na mkeo ndiye wa kukueleza baadaye kwa nini kaka zake walikikataa. Hivyo ndivyo Peugeot 404 iliyolala miaka nyuma ya nyumba ya mzee huko Korogwe ilivyoteremshwa kutoka juu ya fuso na kuwekwa uani kwetu Ngamiani, Tanga, pale pale mama watoto anapoanika nguo. Matairi yameoza. Sakafu ya upande wa dereva imeliwa na kutu mpaka unaona mchanga. Kiti cha nyuma kina mayai, na kuku mwenyewe kabaki Korogwe.

"Waite watu wa vyuma chakavu," akasema mama watoto.

Nikamwita swahiba wangu. Tumekua pamoja, mimi nikaishia kushika chaki, yeye karakana ya reli. Alilizunguka gari, akagonga milango kwa kidole kama anayechagua nazi, akafungua boneti, akakaa kimya. Kisha akaanza, na akianza haachi. Akatuhesabia miaka ambayo 404 ilishinda mbio za East African Safari: 1963, 1966, 1967, 1968. Mwaka ule wa 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na nadhani ndio uliomtia baba mkwe ugonjwa wa Pijo. Wapenzi wa 504 watasema yao. Sibishani nao, ila waniambie yako wapi kwenye 504 yale mapezi mawili ya nyuma aliyoyachora Pininfarina.

Injini ilikuwa imejam. Swahiba akafungua plagi, akamimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaagiza isiguswe. Kazi ikahamia jikoni. Sufuria la pilau likawa la kuoshea vyuma. Kabureta ikalazwa kwenye bakuli la mchuzi. Kanga mbili kuukuu, ambazo nilihakikishiwa ni kuukuu, zikafutia grisi, na jioni yake ikabainika kwamba moja ilikuwa ya sare ya harusi ya dada yake mama watoto. Kwa muda chai yote ya nyumba yetu ilinuka mafuta ya taa, na wageni wakaacha kukaa sana.

Siku injini ilipokubali kuzunguka kwa handeli, uani palipigwa vigelegele. Lakini gasketi ya hedi ilikuwa imeungua, kwa hiyo hedi ikatolewa. Hapa inabidi nieleze, maana bila hili kisa hakieleweki. Injini ya 404 imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini, na silinda zake ni slivu zinazochomolewa, zimezungukwa na maji. Kinachozikandamiza zisiinuke ni hedi iliyokazwa. Ukishaitoa, unazibana slivu kwa boliti na washa kubwa. Usipozibana, ukizungusha injini pistoni inapanda na slivu yake, vizibo vya chini vinaachia, na maji yanaingia kwenye oili. Swahiba alizibana zote vizuri, akapanda basi kwenda Gerezani, Dar, kutafuta gasketi.

Mwanangu wa pili na wenzake walikuwa wakiunda magari ya makopo. Magurudumu ya ndala yalikuwa yanawachosha, hayadumu. Washa nne kubwa, nzito, zenye tundu katikati, zilikuwa zimekaa pale zinawatazama. Walizifungua kwa spana ya swahiba mwenyewe, tena namba sahihi. Na kwa kuwa tundu la handeli kwenye bampa ya mbele liko mahali mtoto anapofikia, na handeli ilikuwa imeegeshwa ukutani, lililofuata halikuhitaji kufundishwa.

Swahiba alirudi na gasketi yake imefungwa kwenye gazeti. Akainama kwenye injini. Slivu mbili zilikuwa zimesimama juu kuliko nyingine.

"Nani kapiga handeli?"

"Mimi, baba mkubwa," mtoto akajibu, kifua mbele. "Ilizunguka!"

Swahiba aliomba maji ya kunywa. Slivu zote zikachomolewa, vizibo vikatafutwa upya, na hapo mama watoto, ambaye kazi yake ni cherehani, akaacha kushona akaja kusimama nasi. Alipitisha kidole juu ya slivu zilipokwisha kurudishwa, akasema, "Shemeji, hii imezama kidogo." Swahiba akatabasamu tabasamu la fundi anayemvumilia mteja, akaleta fila geji. Ilikuwa imezama kidogo. Tangu siku hiyo hakukaza boliti ya injini ile bila kumwita kwanza. Mambo ya bodi hayana masimulizi: tulikata kutu, tukachomelea, tukapiga puti, tukapaka rangi. Viti alivishona mama watoto.

Gari lilipowaka lilitoa moshi uliofika kwenye nguo za jirani, na habari zikafika Korogwe kabla moshi haujaisha. Baba mkwe alishuka stendi na begi lake na kofia ya kusafiria. Akalizunguka gari, akafunga na kufungua milango, akashika usukani, akaijaribu gia ya pembeni mwa usukani. Kisha akamwambia binti yake kwamba atarudi Korogwe na gari lake.

Mama watoto akaleta daftari la kushonea. Vipimo vya wateja vilikuwa vimeishia, na chini yake zimeanza gharama.

"Sufuria la pilau nalo limo?" mzee akauliza.

"Ndilo la kwanza, baba."

Akasoma mpaka chini, akavua miwani, akasema basi apelekwe tu mpaka Raskazone na kurudi, aone linavyokwenda. Halafu akauliza petroli analipa nani. Mama watoto alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili.